Leo Nitajitafsiria Mwenyewe

Haya yalinipata mimi mwenyewe, pale mjini Malaba, saa tisa mchana, na sikuwa nimekunywa kitu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Miaka hiyo ya sabini palikuwa na ukumbi wa sinema karibu na lori zinazongoja kuvuka mpaka. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya pazia na kuwatafsiria madereva Kiingereza. Changu ni cha darasa la saba, kwa hivyo mara nyingi nilibahatisha.

Amoit, msichana wa kijiji cha Kocholia, alikuwa amecheza sinema nne za wazungu, zile za damu na mapepo. Katika zote alivaa nguo kidogo, katika zote aliuawa. Nilikuwa nimemposa akanikataa, na alinikataa kwa adabu, lazima niseme. Basi akitokea tu, dereva akauliza, "Boss, huyo dada anasema nini?" mimi najibu, "Anasema amelala na kila dereva wa Malaba, hata wewe mwenye kitambi!" Wanacheka mpaka machozi. Kumbe waliamini. Maneno yakamfikia mama yake, akamfungia mlango. Amoit akafa kwa homa huko Tororo, na mama hakwenda kumzika.

Jumamosi iliyofuata tulionyesha ile sinema anamochomwa moto. Labda macho yalinidanganya, sijui, naandika nilichoona. Moto ukawaka, yeye hakulia. Akageuka, akanitazama mimi pale kando, akasema kwa Kiswahili, "Kaka, leo nitajitafsiria mwenyewe."

Na sauti ilikuwa yangu! Niamini. Akataja posa, hasira yangu, uongo wangu wote. Halafu akatabasamu. "Nenda kamwambie mama, kama utaweza."

Madereva hawakusikia lolote. Wao walimwona akiungua kama kawaida. "Mtafsiri, umemeza ulimi?" wakapiga kelele. Nikafungua mdomo. Hewa tupu.

Kesho yake nilifika Kocholia. Mama yake alinitambua. "Wewe ni yule wa sinema," akasema. "Haya, mtoto wangu anasema nini?"

Ningejibu kwa sauti ipi? Niliandika yote, nikampa. Akaishika karatasi juu chini. Hajui kusoma. Jirani alisoma mstari mmoja akairudisha: "Kaka, mambo ya wafu mimi simo."

Sauti haijarudi mpaka leo. Wewe unayesoma, chunga sana maneno unayomwekea mtu mdomoni. Na ukipita Kocholia, tafadhali, msomee mama haya. Lakini usiongeze hata neno moja lako.