Usimfungashie Mwanao Hofu

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile ya tisini yameanza kunichanganya. Ni siku ambayo mdogo wangu Yosia aliondoka nyumbani kwetu Heru Juu kwenda kuanza mwaka wa kwanza chuoni. Nakuandikia wewe kwa sababu nimesikia mtoto wako naye amechaguliwa, na kwamba wewe na mwenzako mnaulizana mfanyeje. Mimi niliishia darasa la saba. Chuo sikukisoma, nilikitembelea tu. Kwa hiyo maneno yangu usiyapokee yote kwa mkupuo. Yachambue kama unavyochambua maharage, na yenye wadudu uyaache.

Yosia alikuwa amepata chuo cha kilimo, mbali, ng'ambo ya Tabora. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko kwa ajili ya shule. Asubuhi ile jirani yetu Mama Tereza alikuja na kuku wa kuchoma aliyemfunga kwenye jani la mgomba. Alikuwa mtu wa maneno.

"Yosia mwanangu, nasikia unakwenda kusomea kilimo. Miaka yote hii baba yako anakushikisha jembe, kumbe linataka cheti?"

Tulicheka wote isipokuwa Baba. Yeye alimpokea kuku kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyotakiwa, na Mama Tereza alipopotelea migombani akamtupia mbwa. Mbwa akala nyama na mifupa, akalamba jani, akalala juani. Tulisimama tukimtazama. Alipoamka akitikisa mkia nikasema, "Baba, si umeona?"

Akasema, "Sumu ya mtu haimpati mbwa."

Usimcheke, mwanangu. Unaijua desturi yetu ya huku: mwenye pombe ndiye anayetangulia kuvuta mrija, ndipo anampa mgeni. Mwenye chakula huonja kwanza. Wengine wanasema ni heshima tu, lakini wazee wetu hawakutuficha maana yake. Ni kiapo kwamba humu hamna kitu. Na Baba alikuwa na sababu. Mdogo wake, Baba mdogo Eliya, alikwenda kwenye sherehe ya ubatizo upande wa Muyama akiwa mzima anaimba, akarudishwa kwenye machela, na hakuinuka tena. Baba alisema ni sumu. Zahanati walisema ni tumbo. Mimi sikuwepo pale, na mpaka leo sijui nani alisema kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tuliomzunguka tulijifunza kushtuka naye.

Kabla ya kubeba mzigo, Baba alimweka Yosia mbele yake.

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Huko uendako hakuna uliyezaliwa naye. Usile cha mtu kabla mwenyewe hajakila mbele ya macho yako. Na uangalie kucha zake, hasa ya kidole gumba. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Rudia."

Yosia akarudia yote, hata la kucha, maana kwetu husemwa kuwa sumu hukaa chini ya ukucha. Mama alikuwa amemfungia unga wa muhogo, dagaa wa ziwani na chupa ya mawese, na muda wote ule alikuwa akifunga kamba ya mfuko, akiifungua, akiifunga tena. Sasa nikiwaza, nadhani alikuwa na la kusema. Labda ninamsingizia.

Basi akaenda. Wiki zikapita bila habari. Barabara ya Kibondo ilijaa malori ya mashirika yakipeleka vyakula kwa wakimbizi, na sisi tulikuwa tukiuliza kila anayetoka upande wa reli kama amesikia lolote. Hakuna aliyesikia.

Siku moja tukashuka na Baba Kasulu mjini kuuza maharage. Tulipita dukani kwa Mzee Shabani, muuza vitambaa na chumvi, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Alituona tu akaanza.

"Baba Dafroza, karibu. Mtoto wako nimemwona." Dafroza ndiye mimi, kifungua mimba.

"Umemwona wapi?"

"Chuoni kwake. Nilifuata mzigo wa mchele mji ule, nikasema ngoja nipite nimsalimie, si mtoto wa kwetu? Nikambebea machungwa. Unajua alichoniambia? 'Mzee, tangulia wewe.' Mimi! Mimi niliyempimia kitambaa cha sare yake ya darasa la kwanza! Haya, nikamenya, nikala, ndipo naye akala. Na alivyokula, Baba Dafroza, nusura ale na maganda."

Baba hakucheka. "Akasema nini?"

"Anasema chuo kimemshinda. Akipata lori la kumpakia anarudi nyumbani, hangoji mitihani. Amekonda, shati linamtembea mwilini."

"Na hayo wewe yanakuhusu nini?"

Mzee Shabani akaacha kukunja kitambaa. "Yananihusu kwa kuwa nimeyaona," akasema, akageukia mteja mwingine.

Tukapanda kilima kurudi. Baba alinung'unika njia nzima. Mchele na chuo wapi na wapi? Mtu anasafiri kwa biashara yake, kwa nini amtafute mtoto wa mwenzake? Ametumwa na nani? Labda Yosia yuko salama, anaongoza darasa, na kuna mtu hapendi, anataka tumrudishe kwa mikono yetu wenyewe. Nitasema haki: na mimi niliona ana hoja. Ukianza kushuku, mwanangu, kila kitu kinakaa mahali pake vizuri kabisa. Hakuna tundu la kuingiza jambo jingine.

Nyumbani tulimkuta Bibi, mama yake Baba, amekaa kwenye mkeka anapepeta mtama. Baba akamsimulia, na shuku zake akaziongezea humo humo. Bibi alipepeta mpaka akamaliza. Kisha akauliza kwa Kiha, nami nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Zakaria, tulipovuka mpaka kuja huku, wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Ulikuwa huna hata sauti ya kulia. Yule mwanamke wa hapa Heru Juu aliyekupa uji, alionja kwanza?"

Baba akainama kuokota punje za mtama zilizodondoka.

"Nakuuliza. Alionja?"

"Sikumbuki, Mama. Nilikuwa mtoto."

"Mimi nakumbuka. Hakuonja, maana uji ulikuwa mdogo na akaona utakupungukia. Nami sikumwambia atangulie. Leo mwanao yuko kwa watu kama wewe ulivyokuwa kwa watu, na chakula kipo mezani, anakiogopa. Nani kamroga? Ni wewe."

"Watu wamebadilika, Mama."

"Wamebadilika wao, au umezeeka wewe? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama unaona kuna nyoka huko, nenda ukamtazame."

Sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema na Baba hivyo. Kesho yake akaanza kuulizia nauli. Hakujua kusoma, basi akanichukua mimi nimsomee vibao. Tukashuka Kigoma kwa basi, tukapanda treni. Alikuwa amebeba muhogo wake wa kuchemsha, na kila abiria aliyetukaribisha ndizi au karanga alishukuriwa vizuri na ndizi zikabaki mkononi mwake.

Yosia tulimkuta bwenini, kitandani, mchana, wakati wenzake wako kwenye shamba la mafunzo. Suruali ameikaza kwa kamba ya katani. Alipotuona aliinuka, akatusalimu kwa mikono miwili kama tulivyolelewa, kisha akakaa upesi.

Tukaelewa polepole. Unga wa Mama ulikwisha mapema. Tena hata kabla haujaisha, msimamizi alikuwa amemkataza kupika bwenini, kwa sababu ya moto, jambo ambalo hata mimi ningemkataza. Chakula cha chuo kilikuwepo, lakini kilipikwa na watu asiowaona, kikapakuliwa na mikono asiyoijua. Mara ya kwanza mwenzake alipomletea sahani, Yosia alimwambia aonje. Yule akadhani ni utani, akaonja. Siku ya pili akaambiwa tena, akaudhika. Baada ya hapo habari ikaenea, na kila aliyepita na sahani alipiga kelele, "Mwisho wa Reli, nionje au nisionje?" Ndivyo walivyombatiza, kwa kuwa reli inaishia kwetu Kigoma. Basi Yosia akaacha kwenda bwaloni. Alikuwa akila mahindi ya kukaanga anayonunua sokoni, yale anayoona yakikaangwa. Tena wenzake walisoma pamoja baada ya kula, wakiulizana maswali, naye hakuwepo kwenye sahani wala kwenye maswali.

"Nilifanya ulivyoniambia, Baba," akasema. Hakusema kwa lawama. Ingekuwa nafuu angelaumu.

Hapo akaingia kijana mrefu, matope mpaka magotini, mwenye kicheko kinachotangulia mwili. Ni Masanja, Msukuma, aliyelala kitanda cha jirani.

"Aa! Kumbe wazazi wa Mwisho wa Reli! Shikamoo Mzee. Shikamoo Dada. Tulidhani huyu kaanguka kutoka mawinguni, hana watu."

Akatoka mbio, akarudi na sahani kubwa ya wali na maharage ya bwaloni. Akaiweka mbele ya Baba, akasimama pembeni kwa adabu.

Baba alikuwa anangoja. Masanja hakujua anangojewa yeye. Yosia akainamisha uso. Mimi, nami sitajificha hapa, nilikuwa nikitazama kidole gumba cha yule kijana. Chini ya ukucha kulikuwa na weusi. Nikasema moyoni, ndio huo. Kisha nikatazama vidole vingine, vyote vilikuwa vyeusi, na mikono yote miwili, na miguu. Alikuwa ametoka kulima.

Nilimwona Baba akifika mwisho wa kungoja. Alimtazama Yosia, akatazama ile kamba ya katani kiunoni mwake. Akanawa. Akachukua tonge, akala kabla ya mwenye chakula, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya maisha yangu yote. Akatafuna muda mrefu. Akameza. Kisha akaisukuma sahani kwa mwanawe.

"Kula," akasema. "Nimetangulia mimi."

Yosia akala. Baba akamgeukia Masanja. "Na wewe kaa. Unaitwa mtoto wa nani?"

Masanja akakaa, akataja jina la baba yake, na babu yake, na kijiji, na idadi ya ng'ombe ambayo hakuna aliyeiamini. Baba akamweleza desturi yetu, wazi, bila aibu. Yule kijana akashika kichwa. "Mzee, sisi tulidhani anatudharau! Tulisema huyu anajiona bora kuliko sahani zetu." Jioni wale vijana walikuja kitandani kwa Yosia na madaftari yao, na kelele zao zilitufuata mpaka getini.

Nisije nikakudanganya kwamba wote walikuwa malaika. Ndoo ya Yosia iliibiwa bwenini humo humo, na mwizi hakujulikana. Na Baba hakugeuka mtu mwingine: kwenye treni ya kurudi alikula muhogo wake. Hakumshukuru Mzee Shabani kwa mdomo, alinituma mimi nimpelekee debe la maharage, nami mpaka leo sina hakika kama ilitosha. Lakini Yosia hakupanda lori. Alifanya mitihani, somo moja likamwangusha, akalirudia, akamaliza. Alipangiwa kazi Kibondo, akawa bwana shamba.

Sasa nikwambie ninaloliona, mwanangu, na kama nimekosea watanirekebisha waliosoma. Mtoto anapokwenda chuo, mzazi humfungashia vitu viwili: vile vinavyoonekana na vile alivyomwambia. Unga huisha. Maneno hayaishi. Kwa hiyo kabla hajaondoka jichunguze, jeraha lako lisiwe mzigo wake. Mpe macho, mwambie dunia ina wezi wa ndoo, afunge sanduku lake, achague rafiki taratibu. Lakini mwambie pia kwamba Baba yangu alilelewa na uji wa mtu asiyemjua, maana mkono mmoja haulei mwana. Wiki za kwanza ndizo ngumu. Usingoje habari mbaya ndipo umtafute. Siku hizi kuna simu, basi mwulize amekula na nani kabla hujamwuliza amepata ngapi. Ukiweza nenda, hata mara moja, umjue anayelala kitanda cha jirani kwa jina na kwa baba yake. Akisema anataka kurudi, usimfokee, wala usimkimbilie kumleta. Kaa naye kwanza ujue anachokiogopa. Na mtu wa kwenu akikuletea habari za mwanao usizozipenda, meza ile hasira na umpe kiti, kwa kuwa huenda ndiye pekee aliyejisumbua kupita.

Mimi shuku zangu hazijaisha, ninazo hata sasa ninapoandika. Ninajitahidi tu zisiwafikie watoto.

Haya, mwanangu. Imana, Mungu wetu, akutangulie katika hili. Mwanao akute huko watu wa kumwita jina lake, aumwe kichwa kwa kusoma na si kwa njaa, na atakapochoka awepo mtu wa kumwambia kaa hapa. Nanyi mliobaki nyumbani mpewe usingizi. Amina.