Darasa la Mama Darubini

Kwa miaka ishirini Mama Darubini alitengeneza darubini za chuo kikuu, huku akiendesha karakana yake mwenyewe nje ya geti. Wanafunzi wa uzamivu walipomwomba awafundishe ujasiriamali, mkuu wa idara alikuja juu.

“Mama, huna hata shahada moja. Utawafundisha nini wasomi hawa?”

“Kumuuliza mtumiaji kabla hawajaunda kitu, Profesa.”

Wiki iliyofuata Mama Darubini alikuta darasa limetiwa kufuli. Hakumbembeleza mtu. Aliwachukua wanafunzi wake tisa hadi zahanati ya jirani, ambako mmoja wao alimwonyesha muuguzi kifaa cha kupimia damu alichokihangaikia miaka minne. Muuguzi alikigeuzageuza.

“Kizuri, mwanangu, lakini nikivaa glavu hiki kitufe sikipati.”

Mwanafunzi alinywea, kisha akatoa daftari na kuanza kuchora upya.

Tangu siku hiyo walisomea karakanani, wameketi juu ya kreti. Mkuu wa idara alipochungulia mlangoni, Mama Darubini hakukatisha somo.

“Kreti moja iko wazi, Profesa, ukitaka kukaa.”

Hakukaa. Kufuli halikufunguliwa mwaka mzima, na mwaka mzima mama yule alifundisha.