Fizikia Aliyoisoma Umuhoza

Umuhoza alipowaambia wazazi wake kwamba chuo kikuu atasoma fizikia, baba yake aliuliza kama anataka kuwa mwalimu, maana hakujua kazi nyingine ya mtu wa fizikia. Umuhoza alikulia Mwanza kabla familia haijarudi Rwanda, na tangu utotoni alipenda kuuliza kwa nini radi huonekana kwanza kisha ndipo isikike. Basi, ni hilo tu lililompeleka.

Huko chuoni, mjini Huye, alimpata Christella, aliyelelewa Bujumbura. Darasani wasichana walikuwa wao wawili tu, kwa hiyo waliketi pamoja, wakafua pamoja, wakabishana juu ya maswali ya sumaku na umeme mpaka wenzao wa bwenini wakawatoa nje. Mpaka leo Umuhoza huzikumbuka jioni zile, mvua ikinyesha kwenye miti ya chuo, wao wakinywea chai kikombe kimoja. Mwalimu Mugenzi wa maabara aliwaachia chumba baada ya somo, wakapitisha mwanga kwenye mche wa kioo ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, na Christella akazikinga rangi hizo kwa viganja vyake.

"Hata tukizeeka tutakuwa tunafanya hivi," alisema.

Haikuwa hivyo. Christella aliajiriwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Umuhoza akafundisha sekondari huko Masaka, baba yake akaridhika. Kisha akapata nafasi ya kwenda nje kusomea fizikia ya tiba, na aliporudi akaanza kazi hospitalini Kigali, kwenye mashine ya mionzi ya saratani. Daktari akishaonyesha uvimbe ulipo, Umuhoza ndiye anayekokotoa mionzi ipite wapi na kwa kiasi gani, ili iuue uvimbe bila kuumiza moyo na mapafu. Kazi zikawabana wote wawili. Simu zikapungua, mwisho zikakoma.

Mwaka jana alimkuta Christella kwenye benchi la wagonjwa, amemshika mkono mama yake, Gahongayire. Walikumbatiana. Mama akaitazama ile mashine kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Hii mashine iko na moto?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hutasikia kitu. Mimi mwenyewe naipima kila asubuhi."

Mama akataka kujua alisomea nini hata akaaminiwa kitu kama kile. Christella ndiye aliyejibu.

"Tulisoma kitu kimoja, mama. Mimi naangalia mawingu. Yeye atakuangalia wewe."

Umuhoza alifanya hesabu za mama yule akazirudia, kisha akampa mwenzake wa kazini azihakiki, kwa kuwa aliogopa mapenzi yasimpotoshe mkono. Matibabu yakaisha salama. Uvimbe haukutoweka wote, lakini ulinywea, na mama akarudi nyumbani kwake Gahanga kupalilia maharage yake, polepole.

Siku hizi, Jumapili baada ya misa, Umuhoza huenda huko. Mama hulala kidogo baada ya chakula, naye na Christella huketi barazani. Jumapili iliyopita walikuwa wakiwataja wanafunzi wenzao, nani yuko wapi, nani amefariki.

"Tulikuwa na njaa kila siku," Christella alisema, "lakini ningeambiwa nirudi, ningerudi leo."

Umuhoza alisema naye angerudi. Kisha wakaingia ndani kumwamsha mama anywe dawa.