Kengele Haina Salamu

Tulikuwa watatu: mimi, bibi yangu Mwanaidi aliyemzaa mama, na shangazi Tatu, dada yake baba. Nimewakumbuka leo mjukuu wangu alipopaka mnyororo wa baiskeli mafuta ya nazi, harufu ikajaa uani.

Bibi alikuwa haoni, na baiskeli ilishamwangusha, akawa hatoki tena. Siku hiyo alitoka kwa kuwa dada yake kazidiwa. Tukiwa njiani, nyuma yetu ikalia kengele. Bibi akasimama katikati, kiganja chake kimelowa jasho mkononi mwangu.

"We bibi, huna masikio?" muuza samaki akafoka.

"Masikio ninayo, mwanangu, macho ndiyo sina. Kengele haina salamu. Ungeniamkia, ningejua uko upande gani."

Shangazi akacheka. "Na papa wake anavyonuka, mama, hukumsikia?"

Yule bwana akashuka. "Shikamoo, bibi. Niko kuliani kwako."

"Marahaba. Haya, pita."

Hakupita. Aliikokota baiskeli mbele yetu, na kila aliyekuja amepanda alimwambia, "Shuka, umwamkie bibi."

Tulimkuta dada mtu yu hai, yeye na Bibi wakashikana mikono. Nilipokosea mnisahihishe, ndugu zangu. Ila hilo la mikono niachieni, nililiona mwenyewe.