Pumzi ya Magamba, Jasho la Mombo

Niliolewa Magamba, juu milimani kwenye baridi, nikitokea Mombo, na nilijiona mwanamke wa kazi. Kwetu bondeni nilikuwa nachota maji jua la saa saba bila kuona tabu. Kwa hiyo asubuhi moja mama mkwe aliponiambia twende tukachimbe viazi, nilishika jembe, nikatangulia kwa kasi kupanda mlima, ili ajue mwanawe hakukosea.

Sikufika mbali. Kwenye kona ya pili moyo ulikuwa unadunda mpaka masikioni, na kila nikivuta hewa naona hainitoshi. Hapo hapo tukakutana na mzee jirani anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shi..." nikaanza. "Shika..." Pumzi ikakata. Mzee akasimama, akanitazama, akangoja.

"Mkweo huyu hana salamu?" akamuuliza mama mkwe.

"Salamu anazo, pumzi ndiyo hana. Katoka Mombo juzi tu."

Mzee akacheka, akatua mzigo wake. "Basi nangoja." Nilipoimaliza ile shikamoo, aliitikia "Marahaba!" kwa sauti kubwa, utadhani nimeshinda mbio.

"Punguza hatua," mama mkwe akaniambia. "Tembea mwendo ambao ukikutana na mtu unaweza kumwamkia mpaka mwisho."

Nilimsikiliza. Siku za mwanzo nilipumzika kila kona. Baada ya mwezi nilikuwa napanda na tenga kichwani huku napiga soga.

Mwaka uliofuata nilishuka Mombo wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wangu. Siku hiyo hiyo, jua limesimama utosini, nikachukua shoka nipasue kuni.

"Ngoja jua lipoe," mama akasema.

"Mama, mimi si mgeni hapa."

Kuni hata hazijafika kumi, kichwa kilianza kugonga, misuli ya miguu ikakaza, macho yakaona giza. Nilijikuta kwenye mkeka kibarazani, kanga mbichi shingoni, mama ananipepea na kuninywesha maji ya ndimu yenye chumvi kidogo.

"Mwanangu, baridi imekuharibu," akasema, na alipoona nimepata nafuu akaangua kicheko. Niliona aibu, kisha nikacheka pia. Nilizaliwa kwenye joto lile!

Kuanzia hapo nilifanya kazi alfajiri na jioni, nikanywa maji hata kabla ya kiu. Siku baada ya siku jasho lilianza kunitoka mapema, na kichwa kikatulia. Siku ya harusi nilisonga ugali wa sufuria kubwa jikoni, na nguvu za kucheza zikabaki.

Mama mkwe aliwasili mchana na sweta zito la sufu. Alilivua kabla hajakaa, akanywa vikombe vitatu vya maji, akajifunga kanga kiunoni akaingia uwanjani. Alicheza polepole, akatushinda wote.