Alikusindikiza Mpaka Wapi?

Mwanangu, iko siku moja ya mtaani Rwezamenyo ambayo kila nikiikumbuka natamani nirudishiwe robo saa yake tu. Siombi zaidi. Robo saa ile niliitupa mwenyewe, na sasa nimezeeka hapa Rebero bado naililia.

Nilikuwa mpya katika kazi ya ustawi wa jamii, nimetoka chuoni na kichwa kimejaa. Tabia za watu, mazingira yao, makuzi ya mtoto, mitihani yote hiyo nilikuwa nimefaulu. Usinicheke, nawe unayeianza kazi hiyo hiyo nakuona unavyotembea na hiyo tableti yako. Nikatumwa kwa bibi mmoja, Mama Zaituni, aliyemlea mjukuu wake Sauda, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeacha shule ghafla. Walikuwa wakiishi katika nyumba ya shemeji yake bibi, mdogo wa marehemu mumewe.

Shemeji alinikaribisha, kisha akaketi mlangoni, miguu ameinyoosha. Nikatoa fomu. Kila nililouliza, bibi alijibu, "Tuko vizuri, alhamdulillah." Sauda akaleta chai, akamshikisha bibi yake kikombe taratibu mpaka vidole vyote vikakipata. Nikaona ni adabu nzuri. Nilipouliza kwa nini mtoto haendi shule, shemeji akadakia, "Hataki mwenyewe." Sauda akainama. Nikaandika hivyo hivyo, nikawasomea nilichoandika, nikafunga kalamu.

Niliposimama, bibi naye akasimama. Nje, pikipiki iliyonileta, moto kama tuziitavyo hapa, ilikuwa ikiunguruma.

"Buretse, mwanangu, ngoja kidogo. Nichukue kitenge nikusindikize."

"Usijisumbue, Mama. Moto iko inaningoja."

"Mpaka kwenye kona tu."

"Nimechelewa, Mama. Siku nyingine."

Akabaki ameshika mlango. Nami nilijiona mwema, eti nimemhurumia mtu mzima asipande kilima bure.

Wewe umezaliwa hapa, unajua. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa heshima tu. Ndani ya nyumba husemwa salamu na habari za mvua. La moyoni hungoja njiani, mnapotembea bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, wala hakuna anayesikiliza mlangoni. Hilo nililijua tangu utotoni, kwa mama yangu mzazi. Nilipovaa kitambulisho cha kazi shingoni nikalisahau.

Wiki ya tatu mkubwa wangu wa kazi akaniita. Alikuwa Mzee Anastazi, aliyekulia Bujumbura, mtu wa kusoma mafaili polepole kama anayesali rozari.

"Huyu bibi alikusindikiza mpaka wapi?"

"Sikukubali, Mzee. Nilikuwa na haraka."

Akalifunga faili, akanirudishia. "Basi hukufika kwake, mwanangu. Ulipita tu. Rudi."

Nilirudi siku hiyo hiyo. Sauda hakuwapo. Safari hii nilikingoja kitenge, nikampa bibi bega langu ashike, na kabla hatujafika kwenye kona alikuwa amekwisha kusema yote. Macho yake yalikuwa yanapotea. Sauda aliacha shule ili awe anamshika mkono, nao walikuwa wakilificha jambo hilo, maana shemeji alikwisha kusema nyumba yake si ya kulea vipofu.

"Siku ile nilitaka nikuombe unipeleke kwa daktari," aliniambia. "Nilikuwa bado naona uso wa mtoto, tukikaa karibu."

Na mtoto mwenyewe? Shemeji alikuwa amempeleka Nyarutarama, kwenye mtaa wa matajiri, kufanya kazi za ndani, nyumba asiyotaka kuitaja. Alisema, si hata mtu wa ofisi ameandika kwamba hataki shule? Sitakuficha: nililia palepale barabarani, na bibi ndiye aliyenibembeleza.

Mimi na Mzee Anastazi tulimtafuta geti kwa geti, miezi minne. Walinzi walituona wasumbufu. Mwisho mama mmoja muuza parachichi ndiye aliyetuonyesha nyumba. Tuliporudi na Sauda, bibi alikuwa kwa jirani aliyempa chumba baada ya kutoka kwa shemeji, ameketi kwenye mkeka, macho wazi, haoni kitu. Daktari niliyempelekea bibi alishatuambia tumechelewa. Bibi alimpapasa mtoto kichwani, mabegani, mashavuni, kisha mikono ikatulia.

"Umerefuka," alisema. "Mimi nitabaki na uso wako wa zamani."

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mimi mjukuu huyo nilimwona kwa macho yangu. Sauda alirudi shule, leo ni mama wa watoto wawili. Bibi yake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kila nikipita kwenye kona ile natamani nimsikie tena akisema "buretse", nami nizime ile pikipiki.

Basi sikia, mwanangu. Vitabu visome, vina faida. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fomu hailali kitandani kwa mtu. Ukiingia katika nyumba ya watu, angalia nani ameketi mlangoni. Angalia kikombe kinavyopokelewa. Ukiambiwa "tuko vizuri", usianze kuandika. Na mwenye nyumba akitaka kukusindikiza, hata awe anachechemea, mwache aje. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini atapona vipi ikiwa mgeni ana mguu mmoja juu ya pikipiki?

Mungu akujalie masikio yenye subira. Kila mlango utakaoingia, asikosekane mtu wa kutoka nawe, na hilo atakalokuambia likukute una nafasi.

Haya, simama, jua linashuka. Moto yako iache ingoje. Nipe hicho kitenge changu hapo kwenye kiti, nikusindikize.