Vestina Alikaa Msimu Mzima

Hapa Makere mwanamke akikaa chini msimu wa kulima, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza amelogwa na nani, au uvivu ameuanza lini. Mimi ni jirani yake Vestina, tunayemwita Mama Esteri, na nakiri nilikuwa mmoja wa waliouliza.

Ilianza na mafua makali mwezi wa tisa. Nusu ya kitongoji tuliugua, tukanywa tangawizi, tukapona. Yeye homa iliisha, lakini akabaki anahema akipanda kutoka mtoni, miguu imevimba, moyo unakwenda mbio hata akiwa amelala. Hospitalini Kasulu wakampima. Daktari akamweleza kwamba virusi vya mafua vimefika kwenye msuli wa moyo na kuuvimbisha. Anywe dawa, na miezi sita asishike jembe.

"Moyo huu ukiulazimisha kazi sasa, unaweza kusimama ghafla," alimwambia.

Sisi tuna ikibiri: kikundi kinalima shamba la huyu leo, la yule kesho. Asiyelima kwa wenzake, kwake haendi mtu. Siku ya zamu yangu Vestina alikuja mikono mitupu, akaketi kwenye tuta mbele ya watu ishirini. Angeweza kujificha nyumbani, ila alitaka wamwone.

Mzee Niyonkuru, kiongozi wetu, akaegemea jembe. "Mama Esteri, mafua yaliisha zamani. Na mafua hayaumizi moyo."

"Yangu yameumiza, mzee. Cheti hiki hapa."

"Anayekaa hatumlimii."

"Basi msilime," alisema bila kuinuka. "Shamba likiota majani, mwakani nitalifyeka. Nikifa, najua mtakuja wote na majembe."

Hatukumlimia. Naona aibu kusema hivyo. Majani yalifika kiunoni, wapita njia wakacheka, naye aliketi barazani akiwasalimu kwa majina, mmoja mmoja. Msimu huo yeye na wa nyumbani kwake walikula mihogo na maharage ya kaka yake wa Mabamba.

Miezi sita ilipotimia, daktari alimpima tena, akamruhusu kuanza kidogo kidogo. Nilimwona akiinua matuta ya viazi: tuta moja, anapumzika, tuta lingine. Mzee Niyonkuru akasimama njiani, akamwambia jina lake limerudishwa kwenye kikundi, Jumanne aje.

"Nitakuja," Vestina alijibu. "Na nikichoka nitakaa."